Daktari wa ng'ombe ataka kupasua watu: maswali yenu

*Nina digrii ya mifugo kutoka Kabete, miaka mitano. Naweza kuingia upasuaji wa watu moja kwa moja? (Kisauni)*

La kaka, huwezi. Leseni yako ni ya bodi ya mifugo, ya kutibu watu yatoka KMPDC, baraza la madaktari wa Kenya, na huko wataka MBChB, digrii ya udaktari wa watu. Yaani warudi fasti yia na watoto waliomaliza fomu foo juzi, miaka sita, intanship mwaka mmoja, halafu ndo upasuaji wenyewe, ukipitia COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ni miwili ya MCS, hatua ya kwanza, na mitatu ya FCS, ya ubingwa. Jumla miaka 12. Una 30 leo? Utatoka na 42, na hapo hatujahesabu kungojea nafasi wala karo.

*Nimetoa ndama kwa kisu na kuhasi mbwa kibao, mkono hautetemeki. Hiyo haihesabiwi? (Likoni)*

Kwa karatasi, sifuri. Kwa mkono wenyewe wallahi yahesabiwa, kufunga fundo ndani ya shimo la damu, kubana mshipa bila kuruka, hata ketamini, dawa ya kulaza mgonjwa, mwaijua nyote, nyinyi na madaktari wa watu. Daktari mpasuaji Christiaan Barnard kabla hajabadilisha moyo wa mtu Cape Town 1967 alifanyia mazoezi mbwa. Ila usijidanganye dadangu, ng'ombe wamtoa ndama akiwa wima, wachoma ganzi ubavu wa kushoto wapasua hapo hapo zizini na mwenyewe ameshika kamba. Mama mja mzito atakuuliza kwanza, daktari nitapona? Halafu kuna mumewe hapo kwa korido. Hiyo sehemu hukuisomea.

*Mamangu asema daktari wa punda si daktari. (Majengo)*

Shikamoo yake kwanza. Kisha muulize kwa adabu, kichaa cha mbwa na kimeta hutoka wapi? Na punda wa mkokoteni akiumwa, mwenye mkokoteni ale nini siku hiyo? Lakini nawe jiulize, kama wahama kwa sababu ya maneno ya sebuleni tu, hiyo miaka 12 itakushinda, nakwambia mapema.

*Hakuna shotikati? (Tudor)*

Uingereza kuna kozi za miaka minne kwa wenye digrii tayari, ada ya mgeni ni moto, na ukirudi bado KMPDC wakungoja. Ukitaka kugusa afya ya watu bila kuanza upya, fanya mastaz ya afya ya jamii, magonjwa ya kutoka kwa wanyama yamejaa na wanaoyajua vizuri ni nyinyi.