Re: Kushuti safari ya kuonja mvinyo jangwani

Mkuu umeuliza kama kamera moja inatosha na uanze kushuti saa ngapi. Moja inatosha, ya pili iwe simu tu, ibane kwenye dashibodi ishuti barabara. Shida yako itakuwa vumbi, mashamba ya mizabibu kama Neuras kule Namibia au yale ya Toconao kwenye jangwa la Atacama huko Chile yako jangwani kabisa, ukibadilisha lenzi nje upepo unavuma imekula kwako, sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea picha, itajaa madoa na kila ukishuti anga yanaonekana, so funga lenzi moja ya zumu asubuhi usiitoe mpaka jioni.

Kuhusu saa, mchana jua likiwa utosini achana na nje, mchanga unarudisha mwanga kila kitu kinaungua, yaani picha inatoka nyeupe kupita kiasi. Ingia ndani kwenye mapipa, mhoji mwenye shamba, muulize maji anatoa wapi maana hiyo ndo stori yenyewe, mzabibu jangwani unaishi kwa maji ya kumwagilia, mfano ya chemchemi au kisima. Jioni sasa ndo toka na glasi. Mvinyo mwekundu kwenye kamera unatoka mweusi tii, mimina kidogo tu halafu jua liwe nyuma ya glasi, utaona rangi inavyowaka. Maiki ivalishe kile kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo, upepo wa huko hauna adabu.

Droni ulizia kibali kabla hujapanda ndege, Moroko kwa mfano wanaizuia pale pale eapoti. Na dereva aonje ateme, hata kama anarekodiwa. Mafuta jaza kila ukikuta kituo.