Sera ya biashara na mazingira zinakutana kwenye mfuko wa nyanya

Ndugu, umeuliza kama sera ya biashara na utunzaji wa mazingira zinakutana popote, au ni maneno ya makabrasha tu. Zinakutana. Nenda soko la Majengo hapa Dodoma, nunua nyanya, uone unafungiwa kwenye nini.

Rambo, yaani mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, zilipigwa marufuku kuanzia Juni 1, 2019. Wengi tunakumbuka katazo la kutumia, lakini kanuni, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinakataza pia kuingiza nchini, kupeleka nje, kutengeneza na kuuza. Hapo ndipo biashara inapoingia: forodha wanazuia mpakani, NEMC, baraza la taifa la mazingira, wanakagua, TBS, shirika la viwango, wanaweka kiwango cha mfuko mbadala. Mifuko ya viuatilifu au dawa za hospitali iliruhusiwa, maana bila vifungashio hivyo bidhaa zingekwama.

Kwetu tofauti inaonekana. Zamani upepo wa kiangazi ukivuma, kila mgunga ulivaa rambo, na mbuzi walikuwa wanazila. Sasa zimepungua sana. Kinachoniuma ni vile vimfuko laini vya kufungia karanga, vimerudi kubebea mboga, na muuza mchicha hana cha bei hiyo cha kubadilisha. Kumkamata yeye si haki. Mzigo unaanzia kwa anayetengeneza.

Mkaa nao ni biashara inayogusa mazingira, na una Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Bei ya kujaza mtungi wa gesi ndiyo itakayoamua.