Amepiga, au mpira umepenya tu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama mdogo wa kijana wa miaka 19 anayecheza besiboli katika chuo cha miaka miwili hapa Ohio. Sisi ni watu wa Mombasa, mchezo huu tumeujulia huku huku. Msimu huu amecheza michezo 36. Katika zamu 126 za kupiga amepata hiti 46 (mipigo iliyomfikisha salama kwenye besi, kile kituo cha kukimbilia), yaani wastani wa 0.365, na tatu kati ya hizo ni homurani, mpira unaoruka hadi nje ya uwanja. Ametolewa kwa straiki tatu, yaani kwa kukosa mipira mitatu mizuri, mara 36, na ametembezwa hadi besi ya kwanza, kwa kuwa mrushaji alirusha mipira minne mibaya iliyo nje ya eneo la kupigwa, mara 7. Shemeji yangu, baba yake, anasema nyota njema huonekana asubuhi. Anataka kijana aache masomo mwezi wa tano azunguke kwenye majaribio ya timu za kulipwa. Mimi hukaa nyuma ya uzio kila mchezo wa nyumbani, na nimeona mipira mingi ya kusuasua ikipenya katikati ya walinzi. Nikisema, naambiwa namkatisha mtoto tamaa. Je, hiki ni kipawa au ni bahati?
Mama Mdogo, Columbus

JIBU: Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma kalamu ikiwa mkononi, kwa sababu umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi: umeleta hesabu nzima. Wengine huniandikia wastani peke yake, na wastani ni tarakimu inayochelewa sana kusema kweli.

Tuanze na kile macho yako yamekwisha kukuambia. Mpira ukipigwa ukaingia uwanjani, yako mambo ambayo mpigaji hayatawali: mlinzi amesimama wapi, nyasi zimelowa au zimekauka, mpira umegonga kokoto au haukugonga. Kijana anaweza kuupiga mpira kama risasi ukaishia moja kwa moja kwenye glovu ya mtu. Kesho yake akaugusa kwa ncha ya gongo, ukaanguka kama embe bivu mahali pasipo na mtu, na daftari likaandika hiti. Ndiyo maana Wamarekani wana hesabu wanayoiita BABIP, inayotazama mipira iliyoingia uwanjani tu. Homurani unaziondoa, kwa kuwa hakuna mlinzi anayezifikia, na straiki tatu unaziondoa pia.

Kwa kijana wako: 126, toa 36, toa 3, inabaki mipira 87. Hiti zake bila homurani ni 43. Gawa, unapata 0.494. Mama, karibu nusu ya kila alichokigusa kimegeuka hiti! Katika ligi kuu ya Marekani kiwango hicho hukaa karibu na 0.300 mwaka baada ya mwaka. Vyuoni huwa juu zaidi, kwa sababu walinzi ni wageni wa kazi na viwanja havisawazishwi vizuri. Basi tumkirimu, tumpe 0.380. Hapo angepata hiti 33 badala ya 43. Ongeza homurani zake 3, wastani unakuwa 0.286. Kati ya kijana wa 0.365 anayezungumzwa mezani na kijana wa 0.286 asiyezungumzwa na mtu, kuna hiti kumi. Kumi tu, katika michezo 36.

Na zamu 126 ni chache mno. Mchukue mpigaji ambaye uwezo wake halisi ni 0.300, umpe zamu 126. Mara mbili katika tatu ataangukia kati ya 0.260 na 0.340. Mara moja katika tatu atatoka nje ya hapo, juu au chini, na hajabadilika hata kidogo.

Hapa Toledo tuliliona hilo kwa uchungu. Aprili 2006 Chris Shelton wa Detroit Tigers, timu ya ligi kuu, alipiga homurani 10 katika mwezi mmoja. Mji mzima ulikuwa ukihesabu atafika ngapi. Mwisho wa Julai aliteremshwa kuja kwenye timu yetu ya daraja la chini, na msimu ulipoisha alikuwa na homurani 16. Nilikuwa nimenunua tiketi mwezi ule, na nakumbuka jinsi watu waliokuwa wakimshangilia kwenye redio walivyomnyamazia uwanjani. Niliona si haki. Alikuwa mtu yule yule, ila Aprili ilikuwa imemtangulia.

Asubuhi hudanganya kwa upande wa pili pia, na hili mpe shemeji yako. Mwaka 1951 Willie Mays alikuwa katika timu ya daraja la chini ya Minneapolis akipiga wastani wa 0.477 katika michezo 35. New York Giants wa ligi kuu wakamwita. Katika zamu 26 za mwanzo kule juu alipata hiti moja tu, homurani dhidi ya mrushaji Warren Spahn. Meneja wake, Leo Durocher, hakumwondoa. Mwaka ule ule Mays akawa mchezaji mpya bora wa ligi yake, na alistaafu akiwa na homurani 660. Ukimpima kwa siku zile za kwanza ungemrudisha kwao.

Lakini mama, usije ukasema kila mpira uliopenya ni bahati. Ichiro Suzuki, mpigaji wa ligi kuu, mwaka 2004 alipata hiti 262, akavunja rekodi ya George Sisler ya hiti 257 katika msimu mmoja iliyodumu tangu 1920. Kati ya hizo, 225 zilikuwa za besi moja. Mingi ilikuwa mipira ya kuserereka ambayo kwa mtu mwingine ingekuwa kifo, yaani kutolewa. Yeye alipiga kwa mkono wa kushoto, hivyo alisimama karibu zaidi na besi ya kwanza, na alikuwa ameanza kukimbia kabla hajamaliza kuzungusha gongo. Mbio ni kipawa. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako ni hili: kijana anakimbia? Mlinzi akiuokota mpira wa kusuasua, anarusha kwa haraka na woga, au anarusha akiwa ametulia? Barua yako haikusema, na jibu lake lina uzito.

Sasa nije kwenye tarakimu zinazosema mapema. Mtafiti Russell Carleton alichunguza ni zamu ngapi zinahitajika kabla hesabu fulani haijaanza kumhusu mchezaji mwenyewe kuliko bahati. Straiki tatu: zamu 60 hivi. Kutembezwa: 120 hivi. BABIP: mipira 820 iliyoingia uwanjani. Kijana wako ana 87. Mipira hiyo haijatuambia kitu cha kutegemea. Lakini zamu zake zote, ukijumlisha zile 7 za kutembezwa, ni 133, na hizo zinatosha kuyasikiliza yale mawili ya mwanzo.

Yanasema nini? Ametolewa kwa straiki tatu katika zamu 27 kwa kila 100. Ligi kuu, ambako watu wanarusha maili 95 kwa saa na mpira unapinda kama nyoka, wapigaji hutolewa hivyo mara 22 au 23 kwa 100. Yeye anakosa zaidi ya hapo dhidi ya vijana wenzake wa chuo kidogo. Kutembezwa ni mara 5 kwa 100, maana yake anafuata mipira mibaya badala ya kuiacha ipite. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Hiti zilizopenya hazinisumbui sana.

Halafu kuna gongo lenyewe. Vyuo vingi wanapigia la aluminiamu, kwenye timu za kulipwa ni la mti. La mti halina huruma: ukiugusa mpira karibu na mkono, unasikia mlio mbaya na mpira hauendi popote.

Je, hili ni la kudumu? Hapana. Aaron Judge alipoingia New York Yankees mwaka 2016, katika zamu 84 alitolewa kwa straiki tatu mara 42. Nusu kamili! Wastani wake ulikuwa 0.179. Mwaka uliofuata alipiga homurani 52, na alitembezwa mara 127. Alijifunza kuacha mipira mibaya. Ila yeye, hata alipokuwa akikosa, mpira aliougusa uliondoka kwa kasi ya kutisha, na kasi hiyo ligi kuu inaipima kwa mitambo ya Statcast katika viwanja vyake vyote tangu 2015. Wewe mtambo huna, lakini una macho na masikio.

Fanya hivi. Nunua daftari. Kila anapougusa mpira, andika K kama umepigwa kwa ukali, L kama ni laini, bila kujali kama ni hiti au ametolewa. Mimi hufanya hivyo tangu nilipoacha kufundisha hesabu Tanga nikaja huku, na mara nyingi ukurasa wenye K nyingi na hiti chache ndio uliokuwa wa mchezaji wa kweli. Tenga ukurasa wa peke yake kwa siku anazokutana na mrushaji mkali. Andika pia mipira mibaya aliyoiacha.

Kuhusu chuo, sitazunguka: asiache. Mchezaji wa chuo cha miaka miwili anaweza kuchaguliwa na timu za kulipwa mwaka wowote akiwa bado darasani, kwa hiyo masomo hayamfungii mlango. Zamu 126 zenye hiti kumi za kuazima si kitu cha kumwachisha mtoto shule, na shemeji yako unaweza kumsomea aya hii kama ilivyo.

Michezo kumi ijayo, nitumie kurasa zako. Na niambie zile mbio.