Mkwe wa Kiume Bado ni Mgeni: Majibu kwa Wasomaji

Nikichukua uraia wa Canada, nabaki Mtanzania?

Hapana. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno. Hadhi maalum kwa diaspora, yaani wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine, si uraia, na asiye raia hapigi kura.

Mume wangu ni Mmalawi. Tumeoana miaka tisa na watoto wetu watatu wanasoma Mbeya. Afisa kaniambia ndoa haimpi uraia. Ni kweli?

Ni kweli, na afisa hakukosea. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 kinampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai; mwanamume aliyeoa Mtanzania hakutajwa. Mumeo ataomba tajinisi, yaani uraia anaopewa mgeni kwa maombi, kama mgeni mwingine yeyote: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo, na jumla ya miaka 7 katika ile 10 iliyotangulia miezi hiyo. Hadi hapo atarudi dirishani kila kibali cha ukaazi kinapokaribia kuisha, na bahasha ya kaki yenye hati ileile ya ndoa. Msimpe kishoka hata shilingi.

Sheria hii hutetewa kwa jina la mila: mke huingia ukoo wa mume, kwa hiyo mgeni wa kike amekuja nyumbani, ilhali wa kiume amekuja kuchukua. Mila ya nani? Waluguru, Wamwera na Wamakonde huhesabu ukoo kwa mama, nao ni Watanzania kama wengine.

Binti yangu amezaliwa Muscat, baba yake ni Mwomani. Ni Mtanzania?

Ndiyo, ikiwa wewe mwenyewe si raia kwa kurithi, yaani hukuzaliwa nje. Akifikisha miaka 18 atatakiwa kuchagua uraia mmoja. Msifiche pasipoti moja kabatini mkidhani haitaonekana.

Kenya waliwezaje kumpa mume mgeni haki sawa na mke?

Kwa Katiba ya 2010: mtoto hufuata mzazi yeyote, na mume au mke wa Mkenya huweza kuomba kusajiliwa baada ya miaka 7 ya ndoa. Hata hivyo, usiwasifu kupita kiasi. Wamakonde wa Kwale, pwani ya Kenya, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, walizaa na kuzika huko bila vitambulisho, hadi walipofunga safari ya miguu kwenda Nairobi kudai uraia mwaka 2016.