Ndoana inapochomoka: anza na fundo la uni

Mshipi ukirudi bila ndoana, kagua ncha yake kabla hujamlaumu aliyekuuzia. Ikiwa imejiviringisha, nailoni haikukatika. Fundo limeteleza na kufumuka. Ikiwa ina mikwaruzo, imesagwa na mwamba, matumbawe au meno ya samaki, na hapo fundo halina kosa.

Anayeanza kuvua kwa mshipi wa mkono, awe Kigamboni, Msasani au Kunduchi, ashike kwanza fundo moja: uni. Wengi husifu fundo jingine, Palomar, na kweli ni imara, hasa kwa uzi wa kusuka. Lakini lazima uzi upite tunduni ukiwa umekunjwa mara mbili. Ndoana ndogo ya changu na nailoni ya milimita 0.6? Haipiti.

Ingiza mshipi kwenye tundu, ubaki na mkia wa sentimita 15 hivi. Urudishe mkia sambamba na mshipi mkuu, kisha uugeuze kuelekea ndoana ili upate kitanzi. Sasa zungusha mkia ndani ya kitanzi, ukikumbatia nyuzi zote mbili: mara tano au sita kwa nailoni nyembamba, mara tatu au nne kwa nene. Ukizidisha kwenye nene, mizunguko haikazi, inapandana.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Lowesha fundo kwa mate au maji kabla ya kukaza. Nailoni kavu ikisuguana hupata joto, nayo hudhoofika palepale ambapo samaki atavuta. Vuta mkia polepole hadi mizunguko ijipange, ndipo uvute mshipi mkuu fundo liteleze hadi kwenye tundu. Mzunguko mmoja ukimpanda mwenzake, kata, funga upya. Usijaribu kuurekebisha kwa kucha. Mkia uache milimita 3. Kuukata hadi kwenye fundo ni uchoyo usio na faida.

Ndoana zisizo na tundu, zile zenye kichwa bapa, hazifungiki kwa uni ya kawaida. Kunja mshipi uwe kitanzi, ukilaze sambamba na sehemu iliyonyooka ya ndoana, zungusha mkia juu ya vyote mara saba kutoka kichwani kwenda chini, pitisha ncha kwenye kitanzi, lowesha, kaza. Mshipi mkuu utokee upande unaotazamana na ncha ya ndoana. Ukitokea nyuma, ukingo wa kile kichwa utausaga.

Kwa nguru usihangaike na fundo kali: meno yake yanakata nailoni yoyote ya kawaida, kwa hiyo weka kipande cha waya kabla ya ndoana.

Kupima fundo, ning'iniza ndoana kwenye kamba ya ngalawa iliyofungwa, zungushia mshipi kwenye kijiti na uvute taratibu bila kushtua, uso ukiwa pembeni. Ndoana inayofyatuka haichagui pa kuchoma.