Homa Imekwisha, Mbona Moyo Bado Waenda Mbio?

Hapa Lamu mtu akishikwa na homa, swali la kwanza ni malaria. Akipimwa na isionekane, huambiwa ni virusi, hupewa vidonge vya maumivu, na siku ya tano akihisi nafuu kidogo anarudi baharini. Makala haya yanamhusu yule ambaye homa imemtoka lakini mwili haujamrudia. Akipanda ngazi za nyumba anatweta. Akilala chali pumzi haitoshi, na moyo unadunda hata akiwa amekaa tu barazani. Mtu huyo huenda msuli wa moyo wake umevimba. Madaktari huita ugonjwa huu mayokadaitisi. Si sawa na mshipa wa moyo kuziba, ingawa maumivu ya kifua yanaweza kufanana kabisa.

Virusi vikiingia ndani ya seli za msuli, kinga ya mwili huja kupigana navyo, na katika vita hivyo msuli wenyewe huumia. Ndiyo maana dalili mara nyingi huja siku kadhaa, au hata wiki mbili tatu, baada ya mafua, kuhara au homa, wakati nyumba nzima imeshasema alhamdulillahi. Msuli uliovimba husukuma damu kwa unyonge, na hapo ndipo pumzi huwa fupi na miguu hujaa. Umeme unaoendesha mapigo nao huweza kuvurugika, na huo ndio unaomwangusha kijana mzima ghafla uwanjani. Wengi hupona kabisa baada ya wiki au miezi. Wachache moyo wao hubaki umetanuka na dhaifu kwa miaka.

Virusi vinavyoweza kufanya hivi ni vingi: vya mafua, vya korona, vya koksaki vinavyoanza kwa kuhara au koo. Kwetu pwani ongeza chikungunya na dengi, yaani kidingapopo. Mwaka 2004 chikungunya iliingia kisiwa cha Lamu, na vipimo vya damu vilivyofuata vilikadiria kwamba takriban robo tatu ya watu waliambukizwa. Malindi nayo ilipata dengi mwaka 1982. Wagonjwa wengi wa chikungunya huishia na maumivu ya viungo tu, lakini ugonjwa huo ulipofika kisiwa cha Réunion mwaka 2005 na 2006, miongoni mwa waliozidiwa walikuwamo waliovimba msuli wa moyo. Chikungunya na dengi huenezwa na mbu anayeuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi. Hutaga mayai kwenye kuta za mtungi, pipa na tangi, juu kidogo ya maji. Kumwaga maji bila kusugua kuta hakuyaondoi. Sugua kila wiki, kisha funika. Wazee waliofuga samaki wadogo ndani ya birika la kuhifadhia maji ili wamalize viluwiluwi vya mbu walijua walichokifanya.

Sasa jifunze kuhesabu mapigo, maana hiki ni kipimo kisichogharimu kitu. Mgonjwa akae kimya dakika tano. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Homa yenyewe huongeza kama mapigo 10 kwa kila digrii moja ya joto, kwa hiyo 110 mtu akiwa na joto la digrii 39 si ajabu. La kutia wasiwasi ni 110 au 120 wakati mwili umeshapoa, au mapigo yanayoruka na kukosa mpangilio. Kisha bonyeza muundi wa mguu kwa kidole kwa sekunde tano. Kishimo kikibaki, kuna maji. Pima uzito pia: kuongeza kilo mbili ndani ya siku tatu si kunenepa.

Kifua kuuma, kuzimia au kukaribia kuzimia, kuamka usiku ukitafuta pumzi, au kuhitaji mito mitatu ili ulale: lolote kati ya haya ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Anayetoka Faza au Kizingitini, huko kisiwa cha Pate, asingoje hadi maji yapwe. Mgonjwa abebwe kwa kiti hadi gatini, asitembezwe. Ndani ya boti akae wima, miguu chini, asilazwe kwenye mbao.

Mtoto mdogo hawezi kusema kifua kinamuuma. Yeye hukataa kunyonya, hutoka jasho akinyonya, hutapika, hulalamika tumbo, huwa mweupe na baridi mikononi. Ni rahisi kumdhania ana nimonia au tumbo la kuhara. Hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni pumzi za haraka. Na chanjo za wiki 6, 10 na 14 zisikose, maana ndani yake mna kinga ya dondakoo, na sumu ya dondakoo hushambulia msuli huu huu.

Ukifika hospitali, mweleze daktari wazi: “Nilikuwa na homa tarehe fulani, ikaisha, na tangu hapo pumzi imekuwa fupi.” Sentensi hiyo hubadilisha uchunguzi wote. Omba kipimo cha umeme wa moyo, ECG, ambacho huchukua dakika chache. Kipimo cha damu cha troponini huonyesha kama msuli umeumia. Vyote viwili vikitoka vizuri na dalili zikaendelea, jambo halijaisha, kwa sababu uvimbe unaweza kujificha. Kinachofuata ni eko, picha ya moyo unaopiga. Uliza asilimia ya damu inayosukumwa kila pigo: kuanzia 55 hivi ni nzuri, chini ya 40 moyo ni dhaifu. Andika namba hiyo na uhifadhi karatasi, kwani itafananishwa na ya miezi ijayo. Picha ya MRI huonyesha uvimbe wenyewe, ila kwa hiyo huenda ukasafiri hadi Mombasa.

Jambo moja linahitaji ujasiri wa jamaa. Mtu akiwa hoi, watu humng'ang'ania mhudumu amtundikie maji. Moyo dhaifu ukipewa chupa mbili tatu kwa haraka hauwezi kuyasukuma. Maji hayo hurudi nyuma yakajaa mapafuni, na mgonjwa aliyeingia akitembea anazama akiwa kitandani. Mgonjwa wa dengi huenda akayahitaji kweli, kwa hiyo uamuzi ni wa daktari baada ya kusikiliza mapafu. Wewe kazi yako ni kusema mapema kwamba pumzi inakatika.

Jihadhari vivyo hivyo na diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu za dukani. Hushikilia chumvi na maji mwilini, hulemea figo, na katika dengi huongeza hatari ya kutoka damu. Kwa homa tumia parasitamoli: mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500 kila saa sita, visizidi vinane kwa siku nzima, ukihesabu na ile iliyomo ndani ya dawa za mafua.

Ukiandikiwa enalaprili, dawa inayolegeza mishipa ili moyo usukume kwa urahisi, na dawa ya kukojoza, usiziache kwa sababu miguu imenywea. Enalaprili huweza kuleta kikohozi kikavu. Rudi ubadilishiwe, na mwanamke mwenye mimba asiitumie. Kabla ya Ramadhani zungumza na daktari kuhusu kufunga, kwani kukojoa sana bila kunywa mchana kutwa kunaangusha presha. Papa mkavu, ng'onda na achari vina chumvi nyingi mno kwa moyo huu. Miraa na muguka hupandisha mapigo na presha, viachwe kabisa.

Pumziko ndilo linaloshinda wengi. Huwa miezi mitatu hadi sita bila mpira, kuvuta jarife, kupiga pondo, kubeba mawe wala kuzamia kamba. Tunajua maana yake kwa nyumba inayongoja samaki ndipo ile, na familia ikae ipange nani atashika chombo. Lakini msuli usiotulia ukisukumwa, mapigo huvurugika, na anayezimia majini hana wa kumwinua. Kutembea polepole kwenda msikitini au sokoni kunatosha. Kabla ya kurudi kazini, rudia ECG na eko, na ikiwezekana uvae kifaa cha kurekodi mapigo saa 24. Wiki za mwanzo baharini, usitoke peke yako, na wenzako chomboni wajue kwa nini.