Kurasa za kitabu cha babu zimechanganyika, nazipangaje?

Swali: Babu yetu alikuwa mwalimu wa chuo cha Qur'ani huko kisiwani Pate, katuachia msahafu na kitabu cha fiqhi (sheria za dini), vyote vya kuandikwa kwa mkono. Kurasa zimeachana, hazina namba, na wadudu wameanza kula. Naweza kuzipiga laminesheni halafu nibaindi upya?

Jibu: Ndugu yangu, laminesheni usithubutu, na selotepu pia, ile plastiki ikishashikana na karatasi kwa moto huitoi tena. Wala usipanguse na kitambaa cha maji, wino mweusi wa zamani mwingi ni masizi na gundi ya mti, ukilowa unatoka.

Kwanza piga picha kila karatasi hivyo hivyo zilivyo, kabla hujahamisha hata moja. Msahafu mpe mtu aliyehifadhi atakupangia. Kazi iko kwenye fiqhi, ila mwandishi kakuachia njia: chukua karatasi, tazama upande wa nyuma, chini kabisa kwenye pembe ya kushoto, mara nyingi utakuta kineno kiko peke yake nje ya mistari, pengine kimeandikwa mshazari. Hicho ndo kinachoanza ukurasa unaofuata. Kikiwa "wayusannu" (yaani "na ni sunna") basi tafuta karatasi inayoanza na wayusannu, na kwa vile vitabu vya fiqhi vimejaa hilo neno unaweza kupata tatu, hapo usikisie, soma sentensi iliyokatika uone inaunga wapi. Kama ni Minhaj ya Imamu Nawawi, ambayo Mashafii wanaisoma sana, nunua ya chapa ulinganishe, utamaliza haraka. Namba andika kwa penseli laini pembeni, kalamu hapana jamani!!

Wadudu: funga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, weka friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili, ukitoa usifungue mpaka kesho yake, la sivyo unyevu utashika karatasi. Ila kama zimelowa au zina ukungu usigandishe, zikauke kwanza kivulini.

Kubaindi acha. Weka kwenye boksi la karatasi isiyo na asidi, mbali na ukuta wa nje. Na msiuze, wala msidhani lazima viende Ulaya, vya Msikiti Riyadha Lamu vilipigwa picha za dijitali kupitia mpango wa British Library na vyenyewe vikabaki Lamu.

Ukipata ukurasa wa mwisho, soma taratibu, jina la aliyenakili na mwaka wa Hijria huwa pale, na kama kuna maneno ya wakfu familia nzima iyajue kabla hamjagawana chochote.